Kipimo cha Altrasaundi: Mama, Ujue Kinachoona na Kisichoona

Siku hizi ukipita katika hospitali zetu utawakuta akina mama wameketi bencini, kila mmoja na chupa ya maji mkononi, wanakunywa na kungoja. Ukimwuliza mmoja wao angoja nini, atakujibu, "Nimeambiwa nikapige altrasaundi." Ukimwuliza tena, "Wataka kutazama nini huko?" huenda akakutazama tu, au akasema, "Daktari ndiye ajuaye." Akiisha kupimwa hupewa karatasi yenye picha nyeusi na nyeupe, mfano wa wingu la mvua, pamoja na maneno machache ya Kiingereza. Karatasi hiyo hupelekwa nyumbani, ikasomwa na jirani, na shangazi, na kijana wa duka la dawa, na kila mmoja akatoa fasiri yake. Usiku mama yule hapati usingizi: wa kwanza amemwambia ana kansa, wa pili amemwambia hatazaa tena, na wa tatu amemwambia amerogwa.

Jambo hili si dogo. Karatasi isiyoeleweka huweza kuleta ugomvi katika ndoa, na kuzipeleka fedha za ada za watoto kwa wauza dawa wa njiani. Tena huweza kumlaza kitandani mama aliyepaswa kukimbizwa hospitali. Kwa hiyo leo twataka kukieleza kipimo hiki kwa maneno ya nyumbani. Neno letu kubwa ni hili: altrasaundi ni jicho, wala si hakimu. Jicho huona lililo mbele yake tu, nalo huona vizuri zaidi likiambiwa litafute nini.

SAUTI TUSIYOISIKIA

Watu wengi hudhani kwamba altrasaundi ni namna ya eksirei. Sivyo. Eksirei hutumia miali ipenyayo mwilini, nayo ikizidi huweza kudhuru, hasa mtoto aliye tumboni. Altrasaundi haina miali hiyo. Kazi yake yote ni ya sauti.

Kila aliyekulia karibu na mlima aujua mwangwi. Ukisimama upande huu wa bonde ukaita, sauti yako itagonga mwamba wa ng'ambo na kukurudia. Mwamba ukiwa karibu mwangwi hurudi upesi. Ukiwa mbali hukawia. Popo naye ndivyo anavyoruka gizani bila kujigonga. Hupiga kelele nyembamba ambazo sikio letu haliwezi kuzisikia, kisha husikiliza mwangwi wake, akatambua kwamba huu ni ukuta na huyu ni mdudu wa kuliwa.

Mashine ya altrasaundi hufanya kazi ya popo. Sikio la mwanadamu husikia mpaka mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde moja, zaidi ya hapo haliwezi. Mashine hii hutoa sauti yenye mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 10 kwa sekunde. Kile kichwa cha mashine ashikacho mpimaji mkononi ndicho kinywa, tena ndicho sikio: hutuma sauti, hunyamaza, husikiliza. Ndani ya nyama ya mwili sauti hukimbia kadiri ya meta 1,540 kwa sekunde. Kompyuta hupima kila mwangwi umekawia muda gani, ikaweka nukta mahali pake. Nukta maelfu zikikusanyika ndizo zinazokuwa picha.

Ukijua hayo, ile picha haitakutisha tena. Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo huonekana meusi. Mfupa na jiwe hurudisha mwangwi mkali, navyo huonekana vyeupe. Nyama huonekana ya kijivu. Hewa ni adui wa kipimo hiki, maana huizuia sauti isipite. Ndiyo sababu mama hupakwa jeli ya baridi tumboni, ili pasibaki hewa kati ya ngozi na mashine.

PROFESA WA GLASGOW NA UVIMBE GARINI

Wengi hufikiri kwamba chombo hiki kililetwa hospitali kwa ajili ya kumtazama mtoto tumboni. Lakini katika mji wa Glasgow, huko Scotland, ambako kilipata sifa yake katika magonjwa ya wanawake, kazi ilianzia kwenye uvimbe.

Daktari Ian Donald alikuwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika jeshi la anga la Uingereza, na huko alipata kujua vyombo vinavyotambua vitu vya mbali kwa mwangwi. Baadaye alipata habari kwamba mafundi wa viwandani hupima vyuma kwa sauti ili kuona kama vina ufa ndani. Basi mwezi wa Julai 1955 alikwenda kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew. Ndani ya gari alichukua uvimbe wa namna mbalimbali uliokwisha kutolewa kwa wagonjwa, mwingine wa nyama na mwingine wa maji. Palikuwapo pia pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Ile mashine ya kupimia chuma ikaonyesha wazi kwamba mwangwi wa uvimbe wa maji si sawa na mwangwi wa uvimbe wa nyama.

Profesa akaendelea na kazi hiyo pamoja na Daktari John MacVicar na mhandisi kijana, Tom Brown. Tarehe 7 Juni 1958 walitangaza habari zao katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwamo mama mmoja aliyedhaniwa yu karibu kufa kwa kansa ya tumbo isiyoweza kupasuliwa. Mashine ilionyesha kwamba tumbo lake limejaa uvimbe mkubwa wa maji uliotoka katika ovari. Akapasuliwa, uvimbe ukatolewa, akapona.

Tuone basi kilichomwokoa mama yule. Mashine haikumtibu, aliyemtibu ni mpasuaji. Mashine ilijibu swali moja tu: je, humu mna nyama au mna maji? Lakini jibu hilo lilimtoa kaburini. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Altrasaundi hujibu swali, na mwenye swali ni mgonjwa na daktari wake.

SIKU YA KUPIMWA

Katika nyonga, yaani chini ya kitovu kati ya mifupa miwili ya kiuno, mbele kabisa pana kibofu cha mkojo. Nyuma yake ni kizazi, na kando ya kizazi, huku na huku, ziko ovari mbili, ambazo ndizo ghala za mayai. Mirija miwili ya uzazi huunganisha ovari na kizazi. Na juu na nyuma yamejipanga matumbo, ambayo yana hewa.

Hewa tumekwisha kusema ni adui. Kwa sababu hiyo mama huambiwa anywe maji, bilauri 3 au 4, kadiri ya saa moja kabla ya kupimwa, wala asiende msalani. Kibofu kikijaa huyasukuma matumbo kando, tena maji yake huwa kama dirisha ambalo sauti hupita kwa urahisi mpaka kwenye kizazi. Basi ile chupa ya maji si adhabu. Mama akienda kujisaidia kwa siri, kisha akarudi kwenye foleni, hujiharibia picha mwenyewe.

Iko njia ya pili, nayo ni kupima kwa ndani. Kichwa chembamba cha mashine, kilichovikwa mpira safi, huingizwa polepole katika njia ya uke. Hapo kibofu hutakiwa kiwe kitupu. Njia hii huwaogofya wengi, lakini kwa kuwa hufika karibu na kizazi na ovari, huona vitu vidogo vizuri kuliko kupima juu ya tumbo, hasa mimba changa. Una haki ya kuelezwa kwanza, ya kukubali au kukataa, na ya kuomba muuguzi mwanamke au ndugu yako awepo chumbani. Mpira huo lazima uwe mpya kwa kila mgonjwa, wala si utovu wa adabu kuuliza. Msichana ambaye hajajua mwanamume hupimwa juu ya tumbo. Kukiwa na maumivu, sema mara moja.

Kabla hujalala kitandani mweleze mpimaji mambo matatu: tarehe uliyoanza hedhi ya mwisho, mahali penye maumivu, na shida iliyokuleta. "Tumbo laniuma" ni maneno machache mno. Lakini ukisema, "Naumwa upande wa kulia tangu wiki mbili, na damu yanitoka nje ya siku zangu," umemwonyesha pa kutazama. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Mama anayeficha habari zake kwa haya hulifumba nusu lile jicho alilokuja kulitafuta.

KIZAZI NA UTANDO WAKE

Kizazi cha mama asiye na mimba ni kidogo kuliko wengi wanavyofikiri. Urefu wake ni kama sentimeta 7 au 8, na umbo lake kama parachichi dogo lililopinduliwa, kikonyo chini. Kwa mama aliyekwisha kuzaa huzidi kidogo. Ovari moja ni kama sentimeta 3. Pengine karatasi husema kwamba kizazi kimeelekea nyuma. Usishtuke, kadiri ya mwanamke mmoja kati ya 5 ndivyo alivyoumbwa, wala jambo hilo peke yake si ugonjwa.

Ndani ya kizazi mna utando ambao hukua na kupukutika kila mwezi. Hedhi ikiisha huwa mwembamba, milimeta chache tu. Hedhi ikikaribia huweza kupita milimeta 10. Ndiyo maana tarehe ya hedhi huulizwa: unene ulio sawa wiki hii huenda usiwe sawa wiki ijayo.

Kwa mama aliyekoma hedhi habari ni nyingine. Baada ya mwaka mzima bila hedhi, damu ikitokea, hata tone moja, asiichukue kuwa ujana umerudi. Aende hospitali. Kipimo kikionyesha utando wa milimeta 4 au pungufu, hatari ya kansa ya ndani ya kizazi ni ndogo sana. Ukizidi hapo, si lazima iwe kansa, lakini daktari atataka kuchukua kipande kidogo cha utando kikapimwe. Kansa hii ikijulikana mapema hutibika vizuri, na tone lile la damu ndilo kengele yake.

UVIMBE WA NYAMA

Katika maneno yote ya karatasi, linaloogopwa mno ni faibroidi, yaani uvimbe wa nyama ya kizazi. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba wafikapo umri wa miaka 50, wanawake weusi zaidi ya 80 katika 100 huwa wamepata uvimbe huu, na wanawake weupe karibu 70 katika 100. Wengi huwa nao wala hawajui. Basi kuonekana kwake katika picha si hukumu ya kifo. Uvimbe huu si kansa, na ni nadra sana kukuta kansa imejificha ndani yake. Hauletwi na uchawi wala laana. Hukua kwa kufuata homoni za mwili wa mwanamke, na aghalabu hunywea baada ya hedhi kukoma.

Jambo la maana ni mahali ulipo. Uvimbe mdogo wa sentimeta 2 ulioota ndani ya uwazi wa kizazi huweza kuleta damu nyingi, hata kuzuia au kuharibu mimba. Uvimbe wa sentimeta 6 ulioning'inia nje ya kizazi huweza kukaa kimya miaka mingi. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, ninao?" Uliza, "Uko wapi? Ukubwa wake ni gani? Je, ndio uniletao shida hii?" Asiye na shida mara nyingi hahitaji dawa wala kisu, bali kutazamwa tena baadaye. Lakini yule anayebadilisha vitambaa kutwa na kuona kizunguzungu akisimama, apimwe wingi wa damu siku hiyo hiyo, maana upungufu wa damu ndio unaommaliza.

Tena jihadharini na wauza chupa za dawa za kuyeyusha uvimbe. Hao hupenda kuonyesha karatasi mbili: ya kwanza yasema sentimeta 5, na ya pili, baada ya dawa, yasema sentimeta 4 na nusu. Kumbe wapimaji wawili wakipima uvimbe ule ule siku ile ile huweza kupishana hivyo hivyo, kwa sababu mmoja aliweka alama hapa na mwenzake akaiweka pale. Tofauti ndogo ya karatasi si dalili ya kupona. Dalili ya kupona ni mgonjwa mwenyewe.

UVIMBE WA MAJI

Kila mwezi ovari huandaa kijifuko cha maji chenye yai ndani. Kijifuko hicho hufika kama sentimeta 2, kisha hupasuka na yai hutoka. Hiyo ni kazi ya kila siku ya mwili, wala si ugonjwa. Pengine hakipasuki, kikaendelea kujaa hata sentimeta 4 au 5. Kwa mwanamke anayeona siku zake, uvimbe wa maji matupu wenye ukuta mwembamba, usiozidi sentimeta 5, aghalabu hutoweka wenyewe katika miezi 2 au 3. Kwa hiyo daktari akikuambia urudi baada ya miezi kadhaa kupimwa tena, hakukupuuza. Ameupa mwili nafasi ya kumaliza kazi yake.

Uvimbe wenye nyama ndani au kuta nene, na uvimbe wowote kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, huo hutaka uangalizi zaidi. Na maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika, yasingojwe hata kidogo, maana huenda ovari imejisokota kama kamba na kukatiwa damu yake. Mama huyo aende hospitali saa ile ile.

MIMBA ILIYOPOTEA NJIA

Sasa twafika mahali ambapo kipimo hiki huokoa roho za watu. Katika mimba 100, kama 1 au 2 hutunga nje ya kizazi, aghalabu ndani ya mrija wa uzazi. Mrija ni mwembamba, hauna nafasi ya kulea mtoto. Mimba ikikua, mrija huweza kupasuka, na damu ikamwagika ndani ya tumbo pasipo mtu kuiona. Mama aliyekuwa akipika asubuhi huweza kuwa maiti jioni.

Dalili zake kila mtu nyumbani azijue: hedhi imekosa, tumbo la chini lauma, hasa upande mmoja, na matone ya damu yatoka. Pengine hufuata kizunguzungu au kuzirai, au maumivu kwenye ncha ya bega. Mama mwenye dalili hizo asilazwe na kukandwa, wala asingoje kupambazuke. Hospitali watapima mkojo au damu kujua kama ana mimba, kisha watapiga altrasaundi. Kama mimba ipo na kizazi ni kitupu, daktari hana budi kujiuliza: je, mimba iko wapi?

Hapa pana hatari mbili zinazopingana, nasi twaomba wasomaji wazitofautishe. Hatari ya kwanza ni kukidharau kizazi kitupu kwa mama mwenye maumivu, akaambiwa, "Huna kitu, nenda nyumbani." Hatari ya pili ni kupima mapema mno. Kabla ya wiki ya 5, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hata mimba njema huenda isionekane. Mapigo ya moyo wa mtoto huanza kuonekana kama wiki ya 6 kwa kupima ndani, na kwa kupima juu ya tumbo hukawia kidogo. Kwa hiyo mama ambaye hali yake ni nzuri akiambiwa mimba haionekani, au moyo haupigi, asikimbilie kusafishwa kizazi siku hiyo. Aulize kama yafaa kurudia kipimo baada ya siku 7 hadi 14. Mimba nyingine iliyodhaniwa imekufa ilikuwa changa tu.

Na kwa kila mama mjamzito, hata asiye na shida yoyote, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lashauri apimwe altrasaundi mara moja kabla ya mimba kufika wiki 24. Kipimo hicho huonyesha umri wa mimba, na kama ni pacha, na baadhi ya kasoro za mtoto. Wengine hutaka tu kujua ni mvulana au msichana. Hilo ndilo dogo kuliko yote.

KISICHOONEKANA

Karatasi ikisema kwamba yote ni sawa, mama hufurahi, na afurahi. Lakini ajue mipaka ya furaha yake.

Kansa ya mlango wa kizazi katika mwanzo wake haionekani kwa altrasaundi. Na hiyo ndiyo kansa inayoua wanawake wengi kuliko kansa nyingine katika Tanzania. Yenyewe ina vipimo vyake: kupima kirusi cha HPV, au kupaka mlango wa kizazi maji ya siki na kuutazama. Kwa kawaida upimaji huo huanza miaka 30, na kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI huanza miaka 25. Mama asiseme, "Nilipigwa altrasaundi, sina haja." Hivyo ni vitu viwili mbalimbali.

Mirija ya uzazi, ikiwa haikujaa maji, kwa kawaida haionekani. Kwa hiyo altrasaundi ya kawaida haiwezi kusema kama mirija imeziba au iko wazi. Hutakiwa picha nyingine, aghalabu eksirei pamoja na dawa iliyotiwa katika kizazi.

Maambukizo ya kizazi na mirija huweza kuwapo na picha ikawa safi. Vivyo hivyo ule ugonjwa ambao utando wa kizazi huota nje ya kizazi, ukaleta maumivu makali kila mwezi: mara nyingi vipande vyake ni vidogo mno kwa jicho hili. Basi msichana anayejikunja kwa maumivu kila hedhi, kisha picha yake ikaonekana safi, asiambiwe kwamba anajisingizia. Picha safi haifuti maumivu. Humwambia daktari atafute mahali pengine.

Na juu ya yote, picha hutegemea mkono na jicho la mpimaji. Mashine nzuri mikononi mwa mtu asiyefundishwa ni kama darubini mikononi mwa kipofu. Usikubali kupimwa mnadani au nyuma ya duka na mtu asiyejulikana alisomea wapi.

NENO KWA AKINA BABA

Katika nyumba isiyo na mtoto, mara nyingi mke ndiye apelekwaye kupimwa, naye huenda akapigwa altrasaundi mara tatu, mara nne, katika hospitali tatu. Bwana hubaki nyumbani akingoja kuambiwa mkewe ana kosa gani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba kadiri ya mtu mmoja kati ya 6 duniani hupata shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani. Na karibu nusu ya shida hizo upande wa mume nao una sehemu yake. Altrasaundi ya mke haimpimi mume. Kipimo cha mbegu za mume ni chepesi, hakina kisu wala sindano, na kingepaswa kufanywa mwanzoni pamoja na vya mke. Bwana anayempenda mkewe huenda naye hospitali, akaketi bencini hapo penye chupa za maji, na zamu yake ikifika naye akapimwa.

MAMBO YA KUMWULIZA DAKTARI

Ukiisha kupokea karatasi yako, usiikunje na kuitia kibindoni. Rudi kwa daktari aliyekutuma, maana yeye ndiye ajuaye swali, nayo karatasi ni jibu tu. Umwulize haya:

1. Kumeonekana nini, na mahali gani?

2. Je, hicho kilichoonekana ndicho kinacholeta shida yangu, au ni kitu kilichoonekana tu?

3. Ni jambo la kutibiwa sasa, au la kutazamwa tena? Kama ni kutazamwa, nirudi tarehe gani?

4. Ni dalili gani nikiziona nije upesi bila kungoja tarehe hiyo?

5. Ni jambo gani ambalo kipimo hiki hakiwezi kulionyesha, nami napaswa kupimwa kwa njia nyingine?

Majibu yaandike, au mwombe muuguzi akuandikie kwa Kiswahili nyuma ya karatasi. Kisha zitunze karatasi zako zote mahali pamoja, ya zamani na ya sasa, maana picha ya mwaka jana humsaidia daktari kujua kama uvimbe umekua, umesinyaa au umebaki vile vile.

Mwenye kazi ya kuifasiri karatasi hiyo si jirani wala shangazi. Wao wakikuuliza, waambie ulivyoambiwa na daktari, na kama hujaambiwa, rudi ukaulize. Kuuliza si ujinga.